Kilima cha Alhamisi

Simu yangu ina moyo wa baba.
Sisemi kwa mafumbo: nabonyeza alama nyekundu
na hapo anatokea, tarakimu mbili katikati ya duara,
sitini na moja, sitini na tatu,
na chini yake maandishi madogo: *sekunde nane zilizopita*.
Yeye yuko Kajaani, theluji imefika madirishani.
Mimi niko Oulu. Kati yetu, misonobari.

Saa nilimnunulia mimi, baada ya mazishi ya mama.
"Marjukka," alisema, "sitaki nyapara mkononi."
Kisha akaivaa, maana sikuacha kumkodolea macho.
Tangu hapo mwanga wa kijani unabisha hodi ngozini mwake,
unahesabu damu ipitavyo,
na programu inapaka rangi: buluu kwa utulivu,
chungwa kwa juhudi,
nyekundu kwa ajili yangu.

Nimejifunza kumsoma.
Bonde hili ni usingizi wa mchana mbele ya redio.
Meno haya ya msumeno, saa nne asubuhi, ni koleo na theluji ya mlangoni.
Mwinuko wa Jumamosi, mia na ishirini na nane, si maradhi, ni sauna;
programu haijui sauna,
inauliza kwa adabu kama anakimbia.
Na pengo, mstari ukikatika kabisa…
mara ya kwanza nilipiga simu mara kumi na moja.
Kumbe ameivua aoshe vyombo.
Pasipo na habari hawachori kitu, wanaacha weupe.
Sikujua weupe unaweza kupiga kelele.

Kisha, Novemba, kikaota kilima.
Alhamisi, saa moja jioni. Mia na tisa. Mia na kumi na saba.
Kila dakika tatu kinashuka kidogo, kinapanda tena,
hadi saa tatu kasorobo.
Alhamisi iliyofuata, kilekile.
Programu ikakiita *Zoezi lisilotambulika*.
"Nasoma gazeti," akasema baba.
Gazeti gani hilo?
Nikampelekea Daktari Tuomisto ile grafu.
Akaikuza kwa vidole viwili, akatabasamu:
"Moyo mgonjwa hauna ratiba."

Nikaendesha gari saa mbili juu ya barafu.
Nyumbani giza; viatu vyake vyeusi havipo.
Simu ikasema mia na kumi na mbili.
Ikasema yu hai, haikusema yuko wapi.
Nilisikia kodiani kabla sijauona ukumbi wa wazimamoto.
Ndani, wazee kama arobaini, na tango.
Baba, shati limepigwa pasi,
kiganja mgongoni kwa mwanamke mwenye kibanio cha fedha,
macho ameyafumba.
Wimbo ukaisha. Walisimama bila kuachana.
Mkononi mwangu mstari ukashuka kidogo.
Kodiani ikavuta pumzi. Mstari ukapanda.

Sikuingia.
Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, nikawa namtazama mara mbili,
dirishani na kwenye simu,
na simu ilichelewa:
alikuwa ameshageuka, ameshacheka,
ndipo namba yake inanifikia.

Njiani kurudi programu ikauliza: *Taja zoezi hili.*
Ilinipa kutembea, kuogelea, kupiga makasia, *mengineyo*.
Niliegesha gari kando ya lori la magogo.
Nikaandika herufi mbili, nikazifuta.
Jina nilikuja kulijua Krismasi: Irmeli.

Siku hizi, ikifika Alhamisi, naifungia simu kwenye droo ya mkate.
Naifungua saa tatu, nikione tu kilima, basi.
Juzi hakikuwepo.
Nikapiga, vidole vikitetemeka. Akapokea Irmeli,
nyuma yake watu wanacheka.
"Saa? Nimemvua mimi," alisema. "Inanasa sweta yangu."

Nikautazama weupe ule,
kuanzia saa moja hadi saa tatu kasorobo.
Kisha nikaenda kumenya viazi.